Nyayo Juu ya Nyayo

Saa kumi na moja na nusu. Ng'ambo ya Matandu
jua limelala ubavu, na hii ndiyo saa yangu:
mchana nyayo hufumba macho kwa ukali wa mwanga,
jioni kila kwato hujaa kivuli chake
kama kisahani kilichomiminiwa chai.

Ninatangulia. Mpili amebeba fimbo tatu za kulengea,
nyuma yake mgeni, na bunduki ya mgeni,
na kibali ambacho bei yake
ingenunua korosho za kijiji kizima.
Mwisho kabisa Afande Nanjota wa wanyamapori,
kalamu mfukoni, macho kwenye migongo yetu.

Tunamfuata palahala dume.
Yuko peke yake, mzee, mzito wa mbele;
mguu wa nyuma wa kulia anauburuta kidogo.
Hapa alisimama akakojoa, mchanga haujakunywa wote.
Nasema kwa kidole tu. Mbung'o wananila shingo
nami siwapigi: kofi moja
ni barua kwa palahala.

Shuleni Barikiwa waliandika kwamba sijui kusoma.

Kisha, penye majivu ya moto wa juzi,
naiona.
Juu ya kwato, si chini yake:
soli ya tairi, mguu wa kushoto,
kisigino kimelika upande wa nje,
na katikati kichwa cha msumari
nilioupigilia kwa mkono huu,
siku ya arobaini ya mama, kwa nyundo ya kuazima.
Katambuga za Ngaweje, mume wa dada yangu.

Yuko mbele yetu kwa muda wa sigara moja,
na gobore la babu yake,
nyuma ya mnyama huyu huyu.

Tembo walimaliza mtama wake mwezi wa nne.
Pesa za mnada zinakuja, zinakuja.
Somoe ana mimba ya miezi saba.
Na Nanjota ana pingu kiunoni;
zililia kidogo aliporuka korongo.

Naweka buti la kampuni juu ya msumari.
Nageuza kisigino taratibu, kama mtu anayezima kichungi.
Nanusa upepo usiokuwepo.
"Kashuka bondeni," nasema,
na kidole changu, ambacho porini hakijawahi kudanganya,
kinaelekea kusini.

Mpili anatazama chini, anatazama buti, anatazama mbali.
Naye anajua kusoma.

Bondeni tunamkuta kuro jike na ndama wake,
na tohe mmoja anayekimbia huku akipiga mluzi.
Mgeni anainua bunduki, anaishusha.
Jua linakuwa jekundu, linakuwa nusu, linakuwa hakuna.
Nanjota anagonga kioo cha saa yake:
sheria ni sheria, bunduki hulala na jua.

Tunapanda gari, na kutoka kaskazini
unakuja mlio mmoja, mpana,
kama mlango wa ghala uliobamizwa.

"Nini hiyo?"
"Radi, afande."
Mwezi wa kumi. Angani hakuna hata uzi wa wingu,
nyota zimetapakaa kama ufuta uliopasuka gunia.
Ananitazama kwa muda mrefu.
Kisha anatoa kalamu, anaandika kitu
ambacho mimi, kweli, sijui kukisoma.

Mgeni ananipa bahashishi. Ananipigapiga bega.
Kwa ishara ananiambia pembe zile zingekuwa ndefu hivi,
na mikono yake inabaki wazi kidogo
baada ya kumaliza kusema.

Saa nne usiku Somoe ananiletea bakuli lililofunikwa.
Siulizi ni nyama gani. Hasemi ni kuku.
Ngaweje amekaa mkekani, mikono bado ina harufu ya baruti,
anazungumzia mvua, anazungumzia bei ya salfa,
anazungumza kuliko kawaida yake.
Katambuga ziko mlangoni, ya kushoto imelala chali.

Namaliza mfupa. Nanawa.
"Shemeji," namwambia, "una koleo?"

Msumari unatoka mnyoofu, kama mpya.
Nautia mfukoni, zilipo noti za mgeni.